Majina Tisa kwa Namba Kumi

"Goti ni moja tu, Mheshimiwa! Moja!" Kocha Mkwanda alikuwa amesimama na kiti chake kimeanguka nyuma yake. "Hilo lingine ni kama bawaba ya mlango wa zamani. Ukisimama naye karibu unalisikia."

"Kaa chini, Kocha," alisema Mwenyekiti. "Magoti anayo mawili. Moja linacheza na lingine limepumzika. Hata ofisini kwangu tunafanya hivyo."

"Timu haiwezi kucheza na goti lililopumzika!"

"Huyu ni namba kumi. Namba kumi anacheza kwa kichwa."

"Kichwa nacho nimekiona. Kina mvi."

"Ni rangi," alisema Mzee Sheweji, Mwakilishi wa Vijana. "Siku hizi vijana wanapaka rangi nywele. Mimi ndiye ninayewawakilisha, najua."

Hiyo ilikuwa siku ya nne ya kikao cha dharura cha Kamati Tendaji ya Jitihada, timu ya mpira ya mkoa wetu, na mimi nilikuwa naandika muhtasari. Siku tatu za kwanza zilitumika kupitisha ajenda. Ajenda yenyewe ilikuwa moja: je, tuwape Radi ya Kaskazini vijana wetu tisa ili watupe Zabroni Tindo, kiungo mchezeshaji, anayejulikana nchi nzima kwa jina la Ramani?

Kwa wasioishi nchini kwetu, nieleze kidogo. Huku mchezaji hachagui timu, timu ndiyo inayomchagua. Kila mwaka, Siku ya Kuchagua, vijana waliomaliza shule na wanaoweza kupiga mpira wanapangwa mstari uwanjani wakiwa na namba kifuani, na timu nane za nchi zinawachukua kwa zamu. Ukishachukuliwa, umechukuliwa kwa miaka saba. Timu iliyoshika mkia kwenye ligi inachagua ya kwanza, ili nayo ipate nafuu. Ni sheria ya haki kabisa. Jitihada tumeshika mkia miaka sita mfululizo, kwa hiyo tumechagua wa kwanza mara sita, na mara zote sita tumechagua ndugu wa wajumbe. Golikipa wetu ni mpwa wa Mwenyekiti. Ni kijana mwenye adabu sana. Mpira ukija, anaupisha.

Wajumbe wenye kura walikuwa watatu. Mwenyekiti, Mheshimiwa Dakta Chilongola, ambaye udaktari wake alipewa na chuo kilichofungwa wiki iliyofuata. Makamu wake, Bi. Kezia Ntare, ambaye hajawahi kupinga jambo wala kuunga mkono jambo ila lile lililokwisha kupita. Na Mzee Sheweji, Mwakilishi wa Vijana, mwenye miaka sitini na mitatu. Kocha haruhusiwi kupiga kura, kwa sababu ana maslahi binafsi: anataka timu ishinde.

*

Ramani aliletwa kukaguliwa siku ya tano. Vyeti vyake vinasema ana miaka ishirini na saba, na kwa heshima ya cheti chake amekuwa na miaka ishirini na saba kwa muda wa miaka tisa. Alishuka garini taratibu, akaingia ukumbini taratibu, akakaa. Kamati ikapiga makofi.

"Unaonaje goti?" aliuliza Kocha.

"Goti silioni, kaka," alisema Ramani. "Namba kumi anatazama mbele."

"Unaweza kukimbia?"

"Mimi nikimbie ya nini? Mpira ndio unaokimbia. Mimi nauambia uende wapi."

Mwenyekiti alinigeukia. "Bi. Katibu, hayo umeyaandika?"

"Nimeyaandika, Mheshimiwa."

"Yapigie mstari."

Kipimo cha uwanjani kilifanyikia ukumbini, kwa sababu nje kulikuwa na jua. Ramani aliwekewa mpira miguuni akiwa amekaa, na Mwenyekiti akakaa upande wa pili wa meza. Ramani akausukuma mpira kwa ncha ya kiatu. Ukapita chini ya meza, katikati ya miguu ya Bi. Kezia na ndoo ya taka, ukafika kwenye kiatu cha Mwenyekiti na kusimama pale kama umefugwa. Niseme kweli, ulikuwa mpira mzuri. Mwenyekiti alitokwa na machozi.

"Kwa miaka sita," alisema, "hakuna mtu wa Jitihada aliyewahi kunipa mimi pasi."

Kura zikawa tatu kwa sifuri. Daktari wa timu aliandika kwenye fomu kwamba goti ni la kihistoria, akaondoka kabla hatujamwuliza maana yake.

*

Tatizo lilitoka kwa Radi ya Kaskazini wenyewe. Sisi tuliwapa nafasi: machaguo yetu matatu ya mwanzo, kwa miaka mitatu. Wakapiga simu kukataa. Simu iliwekwa kwenye spika ili kamati nzima isikie, na aliyekuwa upande wa pili ni meneja wao, sajini mstaafu aitwaye Wankuru, mama anayezungumza kama anayehesabu magunia.

"Nafasi hatuzitaki," alisema. "Mkimpata Ramani mtaacha kushika mkia, na machaguo yenu yatakuwa ya nne, ya tano. Mtakuwa mmetuuzia nini?"

Mwenyekiti alichukia. Hakuna aliyewahi kumtukana hivyo. "Sajini, mimi nakuhakikishia kwa jina la mkoa huu," alisema, "tutaendelea kushika mkia! Ramani au bila Ramani! Sisi tuna mfumo."

"Nataka majina ya vijana wenyewe, sasa hivi. Tisa. Yaliyopigwa mhuri. Jumamosi nakuja na lori, nayasoma, wanapanda, naondoka."

"Lori lina viti?" aliuliza Bi. Kezia, kwa ubinadamu.

"Lina sakafu."

Simu ikakatwa. Mwenyekiti akatangaza kwamba mazungumzo yamekwenda vizuri sana, na kwamba suala la majina ni la kiufundi, halifai kupotezea kamati muda. Kocha alete majina, Katibu ayachape, wajumbe wayapitishe mezani kwao.

*

Sasa niseme la kwangu, nisije nikaambiwa nimelificha. Jina la kwanza kwenye daftari la Kocha lilikuwa Melkiori, na Melkiori nimemzaa mimi.

Ana miaka kumi na minane. Anasoma umeme kwenye chuo cha ufundi hapa mjini, na amebakiza mwaka mmoja. Kama Jitihada ingemchagua, angefanya mazoezi jioni, angelala kwangu na angemaliza chuo. Kambi ya Radi iko Ukavuni, ambako hakuna chuo, na kwa jinsi ninavyosikia hakuna umeme wenyewe. Vijana wawili wa mtaa wetu walikwenda huko. Mmoja alirudi baada ya miaka saba bila kucheza mechi hata moja. Alikuwa akibeba mawe ya kujengea uwanja ambao angekuja kuuchezea. Wa pili bado anabeba.

"Mama Melki," aliniambia Kocha kwenye korido, akinipa daftari, "nimeambiwa niandike tisa bora. Ningeandika wabovu, lakini wale Radi wana watu wao wanaowajua vijana wote. Nisamehe."

"Umeandika kilicho kweli, Kocha. Sina la kukusamehe."

"Fanya jambo basi, dada yangu. Wewe ndiye uliye na kalamu."

"Mimi si mjumbe. Nikifuta jina mimi, hiyo ni kughushi. Akilifuta mjumbe, ni marekebisho."

Nyumbani nilimweleza Melkiori yote wakati akila. Hakuacha kula.

"Kwa hiyo naenda?" aliuliza.

"Bado halijapigwa mhuri."

"Mama, huyo Ramani mimi nimemwangalia tangu niko darasa la pili."

"Naye alikuwa na miaka ishirini na saba?"

"Ishirini na nane. Baadaye akapungua." Akanawa mikono. "Nikienda, yule mwalimu wa waya atasema nimekimbia mtihani."

Nilimwambia asome mtihani wake. Sipendi kumdanganya mtoto anayekaribia kushika waya.

*

Nilichapa majina tisa kama yalivyo, la Melkiori likiwa la kwanza. Wino wa printa ulikuwa karibu kuisha, kwa hiyo nilichapa majina peke yake na kupanga kuandika kichwa cha habari kwa mkono. Nikaanza na meza ya Mzee Sheweji.

"Mzee, nimekuletea orodha. Hii ni ile ya—"

"Ina watu wangapi?"

"Tisa. Ni ile ambayo juzi kamati—"

"Tisa!" Alivaa miwani. Alipitisha kidole kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu. "Na kati ya watu tisa, hakuna hata mmoja wangu?"

"Mzee, hii si orodha ya—"

"Bi. Katibu, nimekaa kwenye kamati miaka thelathini. Usinifundishe orodha."

Akachukua rula na kalamu nyekundu, akafuta jina la saba, la nane na la tisa, akaandika wajukuu wake watatu. Wawili walikuwa pacha. Pembeni akaandika "marekebisho" na kusaini.

Bi. Kezia Ntare alikuwa na watu ofisini. Nilimwekea karatasi mezani, nikasema, "Makamu, naomba kwanza nikueleze hii ni ya nini," naye akainua mkono kunizuia, kwa sababu alikwisha kuona saini ya Mzee Sheweji na wale wajukuu watatu.

"Yeye amepata watatu?"

"Ameweka watatu, ndiyo, lakini—"

"Basi usawa uzingatiwe." Akafuta la nne, la tano na la sita. Akaandika bintiye, mpwa wake na shemeji yake wa miaka arobaini na moja. "Huyu shemeji hajawahi kwenda popote, maskini," aliniambia.

Nikaenda kwa Mwenyekiti. Alikuwa na mafaili kumi na manne mbele yake na alikuwa anasaini bila kuinua kichwa. Aliipokea orodha, akaitazama, akacheka kwa pua. "Wenzangu hawa! Wamekula sita, mimi wameniachia matatu."

"Mheshimiwa, orodha hii inahusu—"

"Najua orodha inahusu nini. Orodha inahusu watu."

Akafuta jina la tatu. Akafuta la pili. Akaandika binamu zake wawili. Kisha akaifunika kalamu, akaniambia niipeleke.

Jina la kwanza lilikuwa bado pale. Melkiori, peke yake, juu ya ndugu wanane wa kamati. Niliishika karatasi lakini miguu haikuondoka. Simu ya Mwenyekiti ikalia.

"Ndiyo, mke wangu... Orodha? Ndiyo, ipo, mimi ndiye... Nani kakuambia?... Kezia?... Shemeji yake?!" Akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, akavuta karatasi, akavuta na kalamu. "Juniori si nimemweka? Juniori amekuwa wa kwanza kabisa!" Na mstari mwekundu ukapita, na juu yake likaandikwa jina la mwanawe.

Niliandika kichwa cha habari mbele yake, palepale mezani, kwa herufi kubwa: ORODHA YA VIJANA WANAOKABIDHIWA KWA RADI YA KASKAZINI KWA MIAKA SABA. Nikamrudishia.

"Mheshimiwa, naomba usome kabla ya mhuri."

"Bi. Katibu," alisema kwa upole, akipiga mhuri, "nikisoma kila ninachokisaini, nitasaini saa ngapi?"

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Palikuwa na jukwaa, maturubai mawili, bendi ya polisi, na kaulimbiu iliyoandikwa kwenye kitambaa: GOTI MOJA, TAIFA MOJA. Ramani alikuwa amekaa katikati ya jukwaa kwenye kiti chenye maua, amevaa jezi mpya ya Jitihada yenye namba kumi. Lori la Radi lilisimama nyuma ya goli, injini ikinguruma. Chuo cha ufundi kilikuwa kimeombwa kutoa vijana wa kufunga vipaza sauti, na Melkiori alikuwa chini ya jukwaa akiwa na ovaroli na koili ya waya begani.

Itifaki ilizingatiwa kwa dakika arobaini. Kisha Mwenyekiti akahutubia.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaosema tunatoa vijana wetu. Mimi nawauliza: kijana ni nini? Kijana ni mtu ambaye bado hajawa mtu! Tunatoa kitu ambacho bado hakijawa, tunapokea kitu ambacho tayari kilikuwa! Na wazazi wa vijana hawa wanapaswa kujivunia. Miaka saba Ukavuni itawajenga. Mawe yatawajenga! Mzazi atakayelia leo si mzalendo!"

Makofi. Mzee Sheweji alisimama kupiga makofi. Sajini Wankuru akapanda jukwaani na karatasi, akasogelea kipaza sauti.

"Nikisoma jina, unapanda. Chilongola Juniori!"

Makofi yakaendelea kidogo, hasa yale ya Mwenyekiti, kabla hayajakatika. Juniori, mwenye miaka thelathini na moja, alikuwa tayari amefika na sanduku la magurudumu na miwani ya jua. Alimpungia baba yake mkono, akamwuliza dereva kama hoteli ina bwawa la kuogelea, akapandishwa.

"Sajini," alinong'ona Mwenyekiti, lakini kipaza sauti kilikuwa kimefungwa vizuri, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia. "Hapo kuna kosa la uchapaji."

"Limeandikwa kwa mkono," alisema Sajini. "Huu mhuri si wako? Wa pili!"

Akawasoma wote. Binamu wawili. Binti wa Bi. Kezia, ambaye alikuwa amevaa viatu virefu. Shemeji wa miaka arobaini na moja, aliyekimbilia lori kwa furaha. Wajukuu wa Mzee Sheweji walibebwa na mama zao.

"Hawa pacha wana miaka minne!" alipiga kelele Mzee Sheweji. "Minne!"

"Wakimaliza mkataba watakuwa na kumi na mmoja. Umri mzuri wa kuanza mpira."

Niseme tu nilichokiona. Kamati iliyochukua siku tano kujadili goti ilikutana nyuma ya turubai kwa muda usiozidi sekunde arobaini. Nilikimbilia huko na daftari. Sikupata hata nafasi ya kuandika waliohudhuria.

"Hatutoi!" alisema Mwenyekiti. "Vijana ni hazina. Nani anapinga?"

"Mimi nilipinga tangu mwanzo," alisema Bi. Kezia.

"Kwa niaba ya vijana," alisema Mzee Sheweji, akilia, "warudisheni vijana!"

Tatu kwa sifuri. Mwenyekiti akarudi jukwaani jasho likimtoka. "Sajini, mkataba tumeuvunja. Chukua mchezaji wako."

Sajini Wankuru alikunja karatasi yake mara mbili. "Sawa, lori bado halijaondoka, mna haki. Lakini mimi nimeshavunjiwa mikataba mingi. Mtu anavunja asubuhi, jioni anauza chaguo lilelile kwa timu nyingine. Sheria inamruhusu aliyeshika mkia kutaja chaguo lake mapema. Litajeni hapa, sasa, mbele ya watu, na avae jezi nimwone. Ndipo niwashushe hawa wenu."

Mwenyekiti alitazama kulia. Alitazama kushoto. Kwa miaka sita hakuwahi kujua jina la kijana asiye ndugu yake, na ndugu zake wote walikuwa ndani ya lori.

"Bi. Katibu," alisema, sauti ikipita kwenye vipaza sauti vyote, "tumemchagua nani?"

"Mimi si mjumbe, Mheshimiwa. Muulize Kocha."

"Melkiori!" alisema Kocha Mkwanda kabla hajaulizwa. "Yule pale, mwenye waya!"

"Tumemchagua mwenye waya!" alitangaza Mwenyekiti. "Aletwe! Jezi iko wapi?"

Jezi ilikuwa moja tu. Ramani aliinua mikono kama mtoto anayevuliwa shati, nao wakaivua. "Hamna tabu, wazee," alisema, "hata ilikuwa inanibana." Kocha akamvalisha Melkiori jezi juu ya ovaroli, na waya bado ulikuwa begani kwake, ndani ya jezi, hivyo alionekana ana nundu. Sajini Wankuru alimzunguka mara moja.

"Huyu ndiye niliyekuwa namtaka," alisema kwa uchungu, akafungua mlango wa nyuma wa lori.

Walishuka wanane; shemeji wa Bi. Kezia alikataa kushuka. Juniori alishushwa kwa nguvu, kwa sababu alikuwa hajaelewa. Kisha askari sita wa bendi wakaweka matarumbeta chini, wakamwinua Ramani pamoja na kiti chake cha maua, wakampandisha juu ya lori na kumfunga kamba asidondoke kwenye kona.

Niliandika uamuzi, nikaandika saa, nikampelekea Mwenyekiti daftari asaini. Alikuwa amemkumbatia Juniori, sanduku likiwa katikati yao. Nilimuuliza kama kuna mengineyo. Akatikisa kichwa, akasaini bila kusoma, na lori likaondoka.